Kabla Hujamkabidhi Wakala Vibarua Wako

Nilikuwa na kwotesheni tatu mezani. Ya kwanza ilitaka shilingi 960 kwa kibarua kwa siku, ya pili 900, ya tatu 780. Kazi ilikuwa kupakia chai kwenye makontena hapa Shimanzi, Mombasa. Msimu ulikuwa umepamba moto, na mkubwa wangu alikuwa ametoka kunikaripia kwamba pesa za vibarua zinatumaliza. Nikachukua ya 780 bila kuuliza hata swali moja. Nani huuliza maswali bei ikimfurahisha?

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu, vibarua wanane wakawa sita, kesho yake watano, na kila asubuhi wakala alileta sura mpya ambazo hazijui gunia la chai linashikwaje. Nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuja, amekaa juu ya paleti akila muhogo wa kukaanga, nikamuuliza wenzake wako wapi.

"Mkubwa, wamekwenda kutafuta," akaniambia. "Sisi tangu tuanze tumepewa nauli tu."

Mimi nilikuwa nimelipa ankara ya kwanza kwa wakati. Pesa ilifika kwa wakala, ikaishia kwa wakala. Wiki ya tano kontena mbili zilichelewa meli, tukalipa gharama za kuzihifadhi na mteja akanuna. Ukizigawanya gharama zile kwa siku za kazi tulizopata, 780 yangu ilikuwa imepita 960 kitambo.

Tangu hapo nimeketi na mawakala wengi, wazuri na wababaishaji, na nikionyeshwa bei huuliza jambo moja kabla ya yote: faida yako inatoka wapi? Wakala si sadaka. Akikuuzia mtu kwa bei ya chini kuliko gharama ya kumwajiri mtu huyo kihalali, kuna anayelipia pengo. Mara nyingi ni kibarua, mara nyingine ni mfuko wa pensheni, na siku mambo yakiharibika utakuwa wewe.

Tupige hesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii ndiyo ngao yako. Kima cha chini kilichoanza Novemba 2024 kwa kibarua wa kawaida katika jiji kama Mombasa au Nairobi kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila nyumba. Ongeza asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, ambayo ni 2,417, ufike 18,531. Juu ya hapo mwajiri huchangia asilimia 6 kwa NSSF, mfuko wa pensheni, yaani 1,112. Kuna ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, yaani 278. Kuna shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Tuko 19,971. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, nayo likizo ni gharama hata kama kwenye kwotesheni haionekani. Ukiigawa kwa miezi na kuhesabu siku 26 za kazi kwa mwezi, inaongeza kama 1,247. Jumla 21,218. Gawanya kwa siku 26 na utapata shilingi 816 kwa siku.

Hapo wakala hajakata bima ya ajali kazini, hajanunua buti wala barakoa za vumbi, hajalipa pango la ofisi yake, hajala. Kwa hiyo yule wa 780 alikuwa ameniambia mapema, kwa tarakimu, kwamba kuna mtu hatalipwa. Mimi ndiye sikusoma. Michango ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, sikuihesabu kwa kuwa hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe, lakini nayo ni pesa inayopita mikononi mwa wakala, na mikono mingine ina gundi.

Kima cha chini hubadilika kwa tangazo la serikali, kwa hiyo siku unayofanya hesabu yako weka tarakimu za siku hiyo na za sekta yako. Njia ni ileile. Tafuta sakafu kwanza, yaani gharama halali ya chini kabisa ya mtu mmoja, ndipo ufungue bahasha. Kwotesheni iliyo chini ya sakafu usijisumbue hata kuipunguza bei. Irudishe.

Iliyo juu ya sakafu nayo, omba mchanganuo. Wakala wa kweli atakuandikia mstari kwa mstari: mshahara, nyumba, NSSF, ada ya nyumba, likizo, bima, vifaa, ada yangu. Wengine hukasirika ukiwauliza, wanasema hiyo ni siri ya biashara. Siri ya biashara ni jinsi anavyowapata watu wazuri. Mshahara wa mtu atakayekuja kubeba mizigo kwenye godauni lako si siri, na asiyetaka kuuandika ameshakujibu.

Sasa tuseme umepata wakala safi, 960 kwa siku, kila kitu kimeandikwa. Je, atakupunguzia gharama? Inategemea unamtumia kwa nini, na hapa ndipo mameneja wengi hupotea. Wakala hapunguzi gharama ya mtu. Kwa kila siku ya kazi yeye ni ghali kuliko ukiajiri mwenyewe, maana sakafu ni ileile na juu yake kuna ada. Anachopunguza ni siku ambazo ungemlipa mtu akae.

Chukua godauni linalohitaji watu 40 kwa miezi minne ya msimu na watu 12 kwa miezi minane iliyobaki. Ukiwaajiri wote 40 kwa mwaka mzima, unalipa mishahara 480 ya mwezi. Kazi yenyewe inahitaji 256. Tofauti ni mishahara 224, na kwa sakafu yetu ya 21,218 hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 4.7 za watu kucheza bao kivulini. Ukiwachukua wale 28 wa msimu kwa wakala, nyongeza unayomlipa juu ya sakafu ni shilingi 144 kwa siku, yaani 3,744 kwa mwezi kwa kila mtu. Kwa watu 28 na miezi minne inakuwa kama 419,000. Hiyo ni biashara. Lakini ukimpa wakala na wale 12 wa mwaka mzima kwa sababu umeona ni rahisi ankara iwe moja, utamlipa kama 539,000 kila mwaka kwa watu ambao ungewaajiri mwenyewe. Hata ukitoa bima na buti ambazo ungezilipa vyovyote, bado unamlipa mtu akushikie kalamu. Dereva wa forklifti, mpimaji, mshika funguo za stoo: hawa waajiri. Mtu anayejua kona zote za godauni lako ni mali yako, usimkodishe.

Kuna watakaosema wale 28 nao unaweza kuwaita mwenyewe getini kila asubuhi kama zamani. Unaweza. Ila fungua kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kabla hujafanya hivyo. Kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haimaliziki chini ya miezi mitatu, sheria humhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, pamoja na haki zote zinazofuata. Wengi huligundua hilo mbele ya mahakama. Pia hesabu muda wa karani wako wa kuwaandikisha, kuwakagua vitambulisho, kuwalipa mmoja mmoja kwa simu. Kama watu ni wanane na karani ana nafasi, ajiri mwenyewe kwa mkataba wa msimu. Wakifika ishirini na kuendelea, wakala huanza kuleta maana.

VAT nayo imewaumiza wengi. Ankara ya wakala aliyesajiliwa huja na asilimia 16 juu. Kama biashara yako inatoza VAT, au inauza nje kama sisi wa chai, unaidai na hesabu haibadiliki sana, ila pesa yako hukaa nje kwa muda. Lakini kama unaendesha shule au hospitali, ambazo huduma zake zimesamehewa VAT, huna pa kuidai. Ile 960 kwako ni kama 1,114. Nimeona msimamizi wa shule moja ya bweni akishangilia kuwatoa wapishi na wafagiaji kwa wakala, kisha mhasibu akamwonyesha ankara ya mwezi wa kwanza. Alinyamaza kama aliyemeza mwiba wa samaki.

Usipime wakala kwa bei ya mtu, mpime kwa bei ya kazi. Mimi kipimo changu ni kontena la futi 20 lililojazwa na kufungwa lakiri. Vibarua wanane wa yule wa 780 walikuwa wakimaliza mawili kwa siku: shilingi 6,240 kugawanya kwa mbili, 3,120 kwa kontena. Wanane wa yule wa 960, niliyemchukua baadaye, walimaliza matatu: 7,680 kugawanya kwa tatu, 2,560. Si kwamba walikuwa na misuli zaidi. Walikuwa walewale kila siku, wameshazoeana, huyu anajua yule atarusha wapi, na hakuna aliyekuwa akitazama simu kuona kama pesa imeingia. Wewe kipimo chako kitakuwa kingine, kreti za mikate zilizopangwa, vyumba vya hoteli vilivyotandikwa, mashada ya maua yaliyofungwa, lakini kiwepo, na kiandikwe tangu siku ya kwanza, la sivyo mwezi ukiisha mtabishana kwa hisia.

Kabla ya kusaini, fanya upelelezi wa miguu. Vyeti ni lazima, sikatai: usajili wake kama wakala wa ajira, ambao unaweza kuuthibitisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, cheti cha KRA kwamba hadaiwi kodi, bima ya ajali kazini iliyo hai, si ya mwaka juzi. Vitazame vyote. Lakini vyeti hupigwa picha vikapendeza. Muulize wakala ana watu wapi sasa hivi, kisha nenda pale saa saba mchana, wakati watu wanatoka kula. Kaa kwenye kibanda cha mama anayeuza wali na maharagwe, agiza chai yako. Mimi nilifanya hivyo kabla ya kumchukua yule wa 960. Niliwauliza vijana watatu maswali matatu: mnalipwa tarehe ngapi, ukiumia unakwenda wapi, na ulitoa ngapi ili upate nafasi. La mwisho ndilo muhimu kuliko yote.

Kijana mmoja alinitazama, akamtazama mwenye kibanda, naye mama akacheka. "Sema tu mwanangu, huyu hana shida."

"Hapa hatutoi," akasema. "Pale nilipotoka nyapara alikuwa akichukua mia kila siku."

Hiyo mia ya nyapara haimo kwenye kwotesheni yoyote, lakini wewe ndiye unayeilipa. Anayechaguliwa kwa sababu ametoa mia si yule anayejua kazi, ni yule aliye na mia. Akishatoa ataitafuta irudi, na godauni lina vitu vingi vidogo vinavyoingia mfukoni. Mkataba useme wazi kwamba kibarua hatozwi chochote, na wewe mwenyewe uwe na namba ya simu ambayo wanaweza kukupigia bila kupitia kwa nyapara. Wanaopiga ni wachache. Nyapara akijua tu namba ipo, inatosha.

Halafu mfuko wa wakala. Swali hili watu huona aibu kuliuliza: je, ana pesa ya kulipa vibarua wangu miezi miwili kabla mimi sijamlipa? Kampuni nyingi hulipa ankara baada ya siku 60. Kibarua hawezi kusubiri siku 60, hawezi kusubiri hata kumi. Wakala asiye na mtaji atakopa ili alipe, na riba ya mkopo wake ataiweka ndani ya bei yako, au hatalipa kabisa na utabaki na godauni tupu kama mimi. Kama kampuni yako ina uwezo, geuza jambo hili liwe silaha yako: mwambie nitakulipa ndani ya siku 14, nipunguzie ada. Nimewahi kupunguziwa zaidi kwa njia hiyo kuliko nilivyowahi kupunguziwa kwa kelele za mezani. Punguzo la namna hii halimgusi kibarua, linatoka kwenye riba ambayo ingekwenda benki.

Kwenye mkataba wenyewe pigania ada iwe shilingi kwa kichwa, si asilimia ya mshahara. Mawakala wanapenda asilimia. Ikiwa ada ni asilimia 12 na siku ya Leba Dei serikali ikatangaza nyongeza, wakala naye amepandishwa mshahara bila kuongeza kazi hata ya kubeba kalamu. Andika kwamba nyongeza za kisheria zitapita kama zilivyo, na ada itabaki palepale hadi mtakapokaa tena. Andika mtu asipofika atabadilishwa ndani ya saa ngapi. Ovataimu iandikwe ni nani anaiidhinisha, kwa maana mara moja na nusu ya malipo ya saa, na mara mbili siku za mapumziko na sikukuu, hula akiba yote ikiwa nyapara ndiye anayeamua watu wabaki. Na uliza mapema: nikimpenda mmoja wa watu wako nimwajiri, utanitoza? Wengi wana kifungu cha hiyo kimejificha ukurasa wa mwisho. Dai kwamba baada ya miezi sita hakuna malipo.

Usidanganyike kwamba ukishaweka wakala katikati, sheria imekusahau. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humbana mwenye eneo la kazi kwa ajili ya kila aliyemo ndani, awe ameajiriwa na nani. Kibarua akiangukiwa na paleti kwenye godauni lako, la kwanza litakaloulizwa ni godauni la nani. Mahakama nazo zimekwisha kuusemea mtindo huu. Katika kesi ya kampuni ya Wrigley ya mwaka 2013, mahakama iliweka wazi kwamba kampuni inaweza kukabidhi kazi kwa mtu wa nje, lakini isifanye hivyo ili kukwepa wajibu wake kwa wafanyakazi au kukimbia chama chao. Kwa hiyo kama mpango wako ni kuwafuta kazi watu wako Ijumaa na kuwarudisha Jumatatu kwa mlango wa wakala, kazi ileile, mshahara mdogo zaidi, usiuite mpango wa kupunguza gharama. Umepanda kesi, nayo itamea. Kama una chama cha wafanyakazi, zungumza nacho mapema. Nimegundua kuwa wawakilishi wa chama hukubali vibarua wa msimu kwa urahisi wakishaandikiwa kwamba nafasi za kudumu haziguswi.

Kila mwezi, kabla ya kulipa ankara, omba vitu viwili: risiti za malipo ya vibarua na uthibitisho wa NSSF wenye majina. Usipokee jumla, taka majina. Chagua matatu kwa kubahatisha, waite wenyewe, waulize kama walichopata ndicho kilichoandikwa. Ni dakika kumi. Mwezi wa kwanza wakala ataona unamdharau. Wa tatu atakuletea karatasi kabla hujaomba.

Mwisho, suala la lini. Usibadilishe wakala msimu ukiwa juu, hata kama uliye naye anakuudhi. Vumilia, andika makosa yake, subiri kazi ipoe. Mlete mpya kwa zamu moja kwanza, watu wanane, wiki mbili, huku wa zamani akiendelea, na upime kontena za kila upande. Ukiamua kuachana na wa zamani, mpe notisi kama mkataba unavyosema, na vibarua wake wazuri usiwanyang'anye kimyakimya. Waambie wazi nafasi ipo, waamue wenyewe. Na ile ankara yake ya mwisho iweke kwenye droo. Mwite yule mzee wa muhogo, au aliye kama yeye kwako, umuulize kama amelipwa siku zake zote. Akikuambia ndiyo, na wenzake wawili wakisema hivyohivyo, itoe kwenye droo uisaini.